Ruvuma Inakula Shamba Lako: Okoa Ukingo Mapema

Vijana wengi wanaolima mpunga, nyanya na matikiti kando ya Ruvuma huwaza mbegu na mbolea tu. Ukingo wanaukumbuka pampu ikishakwenda na maji.

Piga hesabu. Shamba lenye mita 100 kando ya mto likiliwa mita 10 tu, umepoteza mita za mraba 1,000, karibu robo eka. Ardhi hiyo hairudi.

Mto unakula wapi?
Kwenye kona, maji hukimbia kasi upande wa nje na kuchimba chini. Udongo wa juu unabaki unaning'inia, kisha unaporomoka. Ndiyo maana kupanda nyasi juu peke yake ni kazi bure.

Chini mawe, juu mizizi
Agosti hadi Oktoba, maji yakipungua, laza ukingo: kila mita moja ya kimo, rudi nyuma mita mbili. Chini kabisa panga gabioni, yaani masanduku ya waya yaliyojazwa mawe. Nyuma yake weka kokoto, maji yapite bila kubeba mchanga. Viroba vya mchanga ni vya muda tu, jua huvichana.

Mvua zikianza, panda vetiva kwa mistari inayokata mteremko, sentimita 10 hadi 15 kati ya shina na shina. Mizizi yake hushuka wima, inaweza kufika mita 3. Majani unakata, unapata matandazo ya bustani.

Kwenye maji chumvi
Huku mlangoni mwa mto, kazi hiyo ni ya mikoko. Usiipande penye mkondo mkali, itang'olewa. Tanguliza wigo wa fito, tope litulie kwanza. Sehemu kubwa huku imo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo omba ruhusa.

Sheria usiisahau
Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu ukingo ndani ya mita 60. Mazao yako yarudishe nyuma. Ukanda huo uachie nyasi, miti na mizinga ya nyuki.

Pia usijenge kimyakimya. Mawe yakipangwa vibaya husukuma maji kwa jirani, na hapa jirani anaweza kuwa Msumbiji. Jiungeni kikundi, mwende Bodi ya Maji Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, hapahapa Mtwara, kabla ya kununua hata waya.

Wiki hii chomeka mambo za miti kila mita 5 kutoka ukingoni. Msimu ukiisha, zihesabu zilizobaki.