Je, Wajua? Siri za supu ya mboga ya vuli

Kwetu vuli ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Lakini kwa Ulaya na Amerika Kaskazini, neno hilohilo hutaja majira ya majani kupukutika, baridi inapoanza kubisha hodi na maboga na karoti vinapojaa sokoni. Ndipo sufuria ya supu inapobandikwa jikoni.

• Boga ni mgeni Ulaya. Asili yake ni bara la Amerika. Lilivuka bahari baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492.

• Mafuta kidogo yana kazi. Rangi ya chungwa ya boga na karoti hutokana na beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Huyeyuka katika mafuta, si maji. Kijiko cha mafuta ya kukaangia kitunguu huusaidia mwili kuifyonza.

• Mchuzi haumwagwi. Vitamini C huyeyuka majini. Sehemu yake huharibiwa na moto, lakini nyingine hubaki kwenye mchuzi.

• Nyanya zisubiri. Tindikali yake huchelewesha viazi na karoti kulainika. Tia viazi kwanza. Vikikaribia kuiva, ongeza nyanya.

• Unga hauhitajiki. Supu ikiwa nyepesi, ponda viazi viwili vitatu humohumo sufuriani. Wanga wake utaifanya nzito.

Epua, kamulia ndimu, inywe ingali moto.