Kilomita ya 30, Mwili Unapokata Moto

Mwaka 1966 watafiti wawili wa Sweden, Jonas Bergström na Eric Hultman, walichapisha matokeo ya jaribio walilojifanyia wenyewe. Waliweka baiskeli ya mazoezi katikati, mmoja akakaa upande huu na mwenzake upande ule, kila mmoja akakanyaga pedali kwa mguu mmoja tu. Mguu wa pili ulipumzika. Walikanyaga hadi mguu uliokuwa kazini ukagoma, kisha kwa siku tatu wakala wanga kwa wingi, huku wakichomwa sindano nene pajani kutoa vipande vidogo vya msuli vya kupima.

Damu ilikuwa ileile na chakula kilekile, lakini mapaja yalijibu tofauti. Mguu uliopumzika haukubadilika sana. Ule uliochoshwa ulijaza akiba yake upya, ukapita ilipokuwa mwanzo, hadi ukawa na karibu mara mbili ya akiba ya mwenzake. Mtu yeyote anayejiandaa kwa marathoni yake ya kwanza angefaa kuanzia kwenye baiskeli hiyo, kabla hata hajaenda kununua raba.

Akiba iliyopimwa inaitwa glaikojeni: sukari ambayo mwili huihifadhi kwenye misuli na ini. Kwa mtu wa kawaida ni kama gramu 400 hadi 500, sawa na kalori 2,000 hivi. Kukimbia nako kuna bei inayojulikana, takriban kalori moja kwa kila kilo ya uzito katika kila kilomita. Mtu wa kilo 60 akikimbia kilomita 42.195 anahitaji kalori zaidi ya 2,500. Hesabu haitoshi, na upungufu huo ndio unaowakuta wengi kati ya kilomita ya 30 na ya 35. Miguu inakuwa mizito ghafla, kichwa kinashindwa kupiga hesabu ndogo za muda, na aliyekuwa akipita watu anaanza kupitwa. Watangazaji wa mpira husema timu imekata moto. Kwa mkimbiaji, msemo huo ni maelezo sahihi kabisa ya kinachotokea.

Kuni zingine zipo, tena tele. Hata mtu mwembamba mwenye kilo 6 tu za mafuta mwilini amebeba zaidi ya kalori 50,000. Shida ni namna zinavyowaka. Sukari ni kama vijiti vikavu, hushika mara moja. Mafuta ni gogo la mwembe, lina moto mwingi ndani yake lakini huwaka polepole na hudai oksijeni zaidi. Mkimbiaji anapoongeza kasi, mwili unaliacha gogo na kurukia vijiti. Kwa hiyo anayeanza kwa papara kilomita 10 za kwanza, akiwa mbichi na ameshangiliwa, anachoma kile atakachokitafuta saa mbili baadaye asikipate.

Je, mwili unaweza kufundishwa kulichoma gogo vizuri zaidi? Jibu lilitoka mwaka 1967 katika jiji la St. Louis, Marekani. John Holloszy aliwakimbiza panya kwenye mkanda wa mazoezi siku tano kwa wiki, akiwaongezea kidogo kidogo kwa wiki 12, hadi wakaweza kukimbia saa mbili. Alipochunguza misuli yao alikuta uwezo wa mitokondria, yaani majiko madogo yaliyo ndani ya seli, umeongezeka karibu mara mbili. Majiko yakiwa mengi, mafuta huchomwa hata kwa kasi ambayo zamani ingemaliza sukari.

Na majiko hayo hujengwa zaidi kwa mbio za taratibu, zile ambazo mtu anaweza kuongea na mwenzake sentensi nzima bila kukatika pumzi. Hapa ndipo wengi wanapojikosesha. Katika vikundi vya jogingi vya mijini, mazoezi ya alfajiri hugeuka mashindano kabla jua halijachomoza. Kila mtu anarudi nyumbani amechoka, na miezi inapita bila kasi ya kweli kuongezeka. Inahitaji moyo kuwaacha wenzako wakupite Jumanne asubuhi. Lakini sehemu kubwa ya mazoezi ya wakimbiaji bora duniani ni ya mwendo huo wa upole, na wao wana haki ya kujiona kuliko mtu yeyote.

Kuna sababu nyingine ya kutokimbilia mambo: viungo vya mwili havikui pamoja. Maji ya damu huongezeka ndani ya siku chache za mazoezi. Mitokondria huchukua wiki kadhaa. Kano na mifupa hudai miezi. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa marathoni hufika mahali ambapo pumzi anayo, moyo unamruhusu, lakini muundi unaanza kumuuma. Programu nyingi za wanaoanza huchukua wiki 16 hadi 20, na mbio ndefu ya mwisho wa wiki hupandishwa hadi kilomita 30 au 32, si 42. Kilomita zile za mwisho hubomoa kuliko zinavyojenga. Wiki mbili au tatu za mwisho mazoezi hupunguzwa, na hapo ndipo mguu wa Bergström unapojirudia: misuli iliyofanyishwa kazi inapumzishwa na kulishwa wanga, nayo inajaza akiba kupita kawaida. Ugali, wali, viazi vitamu, uji, vyote vinafaa. Mizani ikionyesha kilo moja au mbili zaidi, asiogope mtu. Kila gramu ya glaikojeni huhifadhiwa pamoja na takriban gramu tatu za maji.

Njiani pia inabidi kuongeza kuni, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi mbivu moja ya wastani ina kama 25. Tumbo nalo hufundishwa, kwa hiyo chakula cha siku ya mbio kijaribiwe kwenye mazoezi.

Kuhusu maji, historia ina makosa mawili yanayotazamana. Kwenye Olimpiki ya 1904, huko huko St. Louis, wakimbiaji walinyimwa maji karibu njia nzima, katika joto la nyuzi 32 na vumbi; walianza 32, wakamaliza 14. Karibu karne moja baadaye, katika marathoni ya Boston ya 2002, watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488 waliomaliza. Asilimia 13 walikuwa na chumvi pungufu kwenye damu, na watatu walikuwa katika hatari ya kufa. Dalili kubwa ilikuwa kuongezeka uzito njiani: walikuwa wamekunywa kuliko walivyotoka jasho. Kiu ni mshauri mwaminifu kuliko ratiba ya vikombe.

Septemba 2025, katika joto na unyevu wa Tokyo, Alphonce Simbu wa Tanzania alikimbia marathoni ya mashindano ya dunia ya riadha kwa subira, ndani ya kundi. Alipoingia uwanjani Mjerumani Amanal Petros alikuwa mbele yake, na mstari ulikuwa karibu. Saa iliwaandikia wote wawili 2:09:48. Picha ndiyo iliyompa Simbu dhahabu, kwa tofauti ya sekunde 0.03. Baada ya zaidi ya kilomita 42, bado alikuwa na vijiti vya kuwasha.

Anayekimbia mara ya kwanza hana Petros wa kumkimbiza. Kwenye Kilimanjaro Marathon ya Moshi ana mwinuko wa Mweka, unaokuja katika nusu ya pili ya safari, wakati akiba inaelekea ukingoni. Na kesho yake ana ngazi za nyumba ya wageni, ambazo atazishuka kwa ubavu, ameshikilia ukuta, kwa kuwa nyuzi za mapaja zimechanika kwa maelfu. Humo ndani, taratibu kuliko ilivyokuwa kule Sweden kwa sababu ya majeraha hayo, akiba imeshaanza kujazwa upya, safari hii katika miguu yote miwili.