Mtoto wa siku tatu amekosa nini?

Nilikuwa kwenye mazishi ya mtoto aliyeishi siku tatu. Sanduku lilikuwa dogo, mjomba wake alilibeba peke yake, amelikumbatia, toka nyumbani hadi kaburini. Katekista aliyeongoza alisali sala moja fupi, akafunga kitabu. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba marehemu hakuwahi kubatizwa, amekufa na dhambi ya asili, kwa hiyo ibada ya kawaida haiwezekani. Katekista hakuwa na ubaya wowote, alirudia alichofundishwa. Bibi wa marehemu akanigeukia, kwa kuwa pale kijijini wanajua nafundisha teolojia. “Mwalimu,” akasema, “mjukuu wangu ameishi siku tatu. Amekosa nini?”

Nilimwambia, “Pole, mama. Tumwachie Mungu.” Halikuwa jibu, naye alilijua hilo kabla yangu. Haya ninayoandika leo ni deni lake.

Nianze na jina lenyewe, maana limewapotosha wengi. Mtu akisema dawa ya asili, ngoma ya asili, au “asili yangu ni Songea”, anataja kitu kilivyo tangu mwanzo, kabla hakijachanganyika na kingine. Kwa hiyo akisikia dhambi ya asili anaelewa kwamba dhambi ndiyo maumbile yetu, kana kwamba Mungu alipomfinyanga mtu alitia uovu kwenye udongo. Makanisa hayafundishi hivyo. Yanafundisha kwamba mtu aliumbwa mwema, kisha kitu kikaharibika mwanzoni kabisa. Asili hapa ni chimbuko la maradhi, si maumbile ya mgonjwa. Kila mwaka narudia jambo hili darasani, na kila mwaka naona nyuso zikishangaa.

Aliyelipa fundisho hili sura tunayoijua ni Mwafrika: Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, ambayo leo ni Souk Ahras nchini Algeria, akawa askofu wa Hippo, mji unaoitwa sasa Annaba. Katika kitabu chake cha Maungamo anasimulia jinsi alipokuwa na miaka 16 alivyotoka usiku na wenzake kwenda kutikisa mti wa mapeasi wa jirani. Hawakuwa na njaa. Yeye mwenyewe alikuwa na mapeasi mazuri kuliko yale. Walionja machache, mengine wakawatupia nguruwe. Akiwa askofu bado alijiuliza: nilitaka nini? Akaona kwamba alitaka uovu kwa sababu tu ni uovu. Humo humo anamtaja mtoto mchanga aliyemwona, hajaweza kutamka neno, amepauka kwa wivu akimtazama mwenzake anayenyonya ziwa lile lile. Mtu wa namna hiyo akija kuambiwa kwamba binadamu huzaliwa mzima kabisa, hawezi kukubali.

Aliyekuja kumwambia hivyo ni Pelagius, mtu wa maisha ya kujinyima kutoka Britania, aliyefundisha Roma. Watu wamezoea kumtaja kama mzushi na kupita, lakini mimi namwelewa. Aliona Wakristo wa mjini wanajificha nyuma ya udhaifu wao. Nani kati yetu hajamsikia mlevi akisema “ndivyo nilivyo”, au mwenye kupiga mkewe akisingizia hasira za ukoo? Pelagius alisema Mungu haamuru lisilowezekana. Kama ameamuru, basi mtu anaweza, akitaka. Adamu alituharibia kwa mfano mbaya, si kwa damu. Kila mtoto huzaliwa kama Adamu alivyokuwa kabla hajaanguka. Mtaguso wa Kartago wa mwaka 418 ulilikataa fundisho hilo.

Mengi katika ugomvi huo yalining’inia kwenye maneno machache ya Paulo, Warumi 5:12. Biblia ya Kilatini aliyoitumia Augustino ilimfanya asome kwamba watu wote walitenda dhambi “ndani yake”, yaani ndani ya Adamu, kana kwamba sote tulikuwa viunoni mwake siku ile. Kigiriki cha Paulo wengi hukisoma “kwa sababu”. Fungua Biblia yako ya Kiswahili, ile ya Union, utakuta “kwa sababu” imeandikwa. Tofauti si ndogo. Ukisema “ndani yake”, mimi nilikuwepo, na hatia ya Adamu ni yangu. Ukisema “kwa sababu”, mauti yamenifikia, na dhambi ninazo, lakini ni zangu.

Wakristo waliosoma Kigiriki kama lugha yao hawakuifuata njia ya Augustino. Yohane Krisostomo alihubiri kwamba wachanga hubatizwa ingawa hawana dhambi, na maneno yake hayo yalimpa Augustino kazi kubwa ya kuyafafanua. Mpaka leo Waorthodoksi, wakiwemo wa Kenya, Uganda na Tanzania walio chini ya Patriaki wa Aleksandria, hufundisha kwamba kutoka kwa Adamu tumerithi mauti na udhaifu unaofuatana nayo, si hatia yake.

Mfano ninaoutumia darasani ni wa shamba. Baba ameuza shamba lote la ukoo, akala fedha, akafa. Mwanawe amezaliwa baada ya hapo. Mtoto huyu hakusaini hati yoyote, hakuna mahakama itakayomshitaki kwa kuuza. Lakini hana pa kulima. Njaa yake ni ya kweli, na imetokana na kosa la mwingine. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 iko karibu zaidi na mfano huu kuliko Wakatoliki wengi wanavyodhani: inasema dhambi ya asili huitwa dhambi kwa kulinganisha tu, ni hali tunayoipokea, si tendo tulilolitenda. Methali isemayo mtoto wa nyoka ni nyoka haifai kulielezea fundisho hili. Mtoto wa mwenye kuuza shamba si muuzaji.

Lakini kwa Augustino kinachorithiwa si njaa tu, ni hatia pia. Kama hatia imerithiwa, na ubatizo ndio unaoiondoa, basi mchanga asiyebatizwa hufa na hatia, na mwenye hatia huhukumiwa. Alikiri kwamba adhabu ya mtoto huyo ni nyepesi kuliko zote, lakini akakataa kusema kwamba haipo. Mpinzani wake mkali, Julian, askofu wa Eclanum huko Italia, alimkabili hapo hapo: Mungu anayewaadhibu wachanga kwa kosa la mwingine si mwenye haki. Walijibizana miaka mingi. Augustino alifariki tarehe 28 Agosti 430, Wavandali wameuzingira mji wake, na kitabu chake cha mwisho cha kumjibu Julian hakijakamilika. Mimi namheshimu Augustino kuliko mwalimu mwingine yeyote wa Kanisa baada ya mitume. Hapa nasema alikosea. Aliifuata hoja yake hatua kwa hatua, kwa uaminifu, mpaka akampita mtoto mwenyewe bila kumtazama.

Waliokuja baadaye walilisikia swali la Julian. Wanateolojia wa Enzi za Kati walisema wachanga hao wako limbo, mahali pasipo maumivu, ingawa hawamwoni Mungu. Limbo haikuwahi kuwa imani rasmi ya Kanisa. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia, kwa ruhusa ya Papa Benedikto wa 16, ilitoa waraka unaosema zipo sababu nzito za kutumaini kwamba watoto hawa wanaokolewa. Wabaptisti na Wapentekoste wengi hawabatizi wachanga kabisa. Huwaweka wakfu, na kufundisha kwamba asiyefikia umri wa kupambanua hahukumiwi.

Kuhusu hiari, yaani ule uwezo wa kuchagua ambao Pelagius aliutetea, vitabu vimejaa maktaba nzima, na nitasema machache tu. Augustino hakusema mtu hana hiari. Alisema hiari yake imeugua. Mguu uliovunjika bado ni mguu, ila hauwezi kukupandisha mlima bila mtu kukushika mkono. Mkono huo ndio neema. Luther, mwanamageuzi wa Kanisa, akimjibu mwanazuoni Erasmus mwaka 1525, alikwenda mbali zaidi akaifananisha hiari na mnyama anayepandwa ama na Mungu ama na Shetani. Mtaguso wa Trento wa Kanisa Katoliki ukajibu kwamba hiari imedhoofika, haijazimika. John Wesley alifundisha kwamba neema humtangulia kila mtu, hata asiyejua, ikamrudishia nguvu ya kuitikia. Wote hao walikubaliana jambo moja dhidi ya Pelagius: hakuna ajiokoaye mwenyewe. Na wote wangemwambia yule mlevi kwamba atajibu kwa alichokitenda.

Linaloniuma zaidi ni jinsi fundisho la dhambi ya asili linavyouzwa. Wapo wahubiri katika miji yetu wanaowaambia watu kwamba umaskini, utasa na vifo vya watoto ni laana ya ukoo, kwamba babu alichinja mbuzi mzimuni na Mungu anadai kwa mjukuu, na kwamba kamba hiyo hukatwa kwa sadaka ya kiasi fulani. Hutaja kile kifungu cha Kutoka 20 kuhusu kizazi cha tatu na cha nne. Hawamsomei mtu Ezekieli sura ya 18, ambako Mungu anaikataa waziwazi methali ya wazazi kula zabibu mbichi na meno ya watoto kutiwa ganzi: kila mmoja atahukumiwa kwa lake. Hawasomi Yohana 9, wanafunzi walipouliza nani alitenda dhambi hata mtu azaliwe kipofu, Yesu akakataa majibu yao yote mawili. Wala Luka 13, watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, ambao Yesu anasema hawakuwa wakosefu kuliko wengine wa Yerusalemu. Madhara ya wazazi huwafikia watoto, kila mwenye macho anaona. Hatia haiwafikii. Anayekutoza fedha ili akuondolee hatia ya babu yako anakuibia, na anamsingizia Mungu.

Nilirudi kwa yule bibi baada ya wiki kadhaa. Tulikaa barazani, nikamwambia: mjukuu wako hakukosa kitu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama bado inafaa kusomewa misa. Inafaa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1183, inamruhusu askofu kukubali mazishi kamili ya Kanisa kwa mtoto aliyefariki kabla ya ubatizo ikiwa wazazi walikusudia kumbatiza, na sala zake zimo katika kitabu cha ibada. Kama wewe ni mzazi wa Kikatoliki na yamekukuta hayo, nenda kwa paroko wako ukaombe. Kama ni katekista, tafuta sala hizo leo, kabla hujaitwa kaburini.