Kinanda cha Bei Kubwa: Pesa Inakwenda Wapi?

Walimu wa kwaya na wapiga vinanda wa bendi huniuliza kwa nini kinanda kimoja kiuzwe zaidi ya mara mbili ya kingine kutoka kampuni ileile. Wengi hudhani jibu ni sauti. Mara nyingi sauti ndiyo sehemu ndogo ya tofauti hiyo.

Chukua mfano wa Yamaha. Mwaka 2016 ilitoa Montage, kinanda cha jukwaani, na toleo la vitufe 61 likauzwa Marekani karibu dola 3,000. Mwaka 2018 ikatoa MODX, ya vitufe 61 ikauzwa karibu dola 1,300. Mitambo ya kuzalisha sauti ni ileile miwili: ule wa sampuli zilizorekodiwa kutoka ala halisi, na ule wa FM, mbinu ya kuunda sauti kielektroniki iliyokipa umaarufu kinanda cha Yamaha DX7 cha mwaka 1983. Vipige vyote viwili kupitia spika za ukumbi wa harusi. Sidhani kama kuna mgeni atakayetambua kipi ni kipi.

Anayetambua ni mpigaji, kwa vidole vyake. Fungua kinanda cha kawaida utakuta chini ya kila kitufe mpira wenye vidoti viwili vya kaboni. Kitufe kikishuka, kidoti cha kwanza hugusa, kisha cha pili, na kinanda hupima muda uliopita kati yao. Muda ukiwa mfupi umepiga kwa nguvu; ukiwa mrefu umepiga taratibu. Hisia zako zote hupitia hapo. Vitufe vya Montage huendelea kukusikia hata baada ya kufika chini: kandamiza zaidi, na tarumbeta hupanda au fidla hutetemeka. Vya MODX havina uwezo huo. Kuna vinanda vingine vya bei kubwa vyenye kidoti cha tatu, ili noti irudiwe haraka kabla kitufe hakijapanda hadi juu. Anayepiga solo kila wikendi huihisi tofauti hiyo usiku mzima.

Pesa nyingine imo mahali ambapo hapaonekani. Ukibadili sauti katikati ya wimbo, Montage huiacha ya kwanza imalizike bila kukatika, hata ukiwa umepanga sauti nane kwa pamoja. MODX huishia nne. Waya mrefu wa kwenda kwenye mixa hauvumi kirahisi ukitoka kwenye Montage, kwa sababu matundu yake ni ya balansi, ilhali mwenye MODX atahitaji boksi la DI ili kuzuia mvumo huo. Lakini Montage hiyo ya vitufe 61 ina kilo 15, na MODX 6.6. Mwanamuziki anayesafiri kwa bodaboda asilipuuze hilo.

Upo upande ambao bei haisemi lolote. Mpigaji wa taarab asilia anahitaji robo toni za maqamu, yaani ngazi za noti za muziki wa Kiarabu. Kinanda kisichomruhusu kushusha noti mojamoja kwa robo toni hakimfai, hata kama bei yake ingenunua pikipiki.

Sasa hukumu yangu. Kama muziki ndio unaokulisha, unapanda jukwaani kila wiki na kubadili sauti mara kumi katika wimbo mmoja, nunua kile cha bei kubwa bila kusita, kitajilipa. Kwa kanisa, shule au mwanafunzi, chukueni cha kati. Inaniuma kuona kwaya imechangishana mwaka mzima ikanunua kinanda cha kifahari, kisha kikaungwa kwenye spika iliyopasuka na umeme usio na stebilaiza. Pesa inayobaki iende kwenye spika nzuri, stebilaiza na pedali imara, na waumini watasikia tofauti Jumapili ijayo.

Kabla ya kulipa, nenda dukani na hedifoni zako. Kanyaga pedali, piga kodi nzito mfululizo, usikilize kama noti za mwanzo zinamezwa. Shikilia kodi, badilisha sauti, usikilize kama inakatika. Piga kitufe kimoja taratibu kabisa, kisha harakaharaka. Fundi wa kwaya yako naye ajaribu. Vidole vyenu visipohisi tofauti kati ya cha bei kubwa na cha kati, msiilipie.