Pini Inayokatika ili Gia Zipone

Wajukuu zangu, maji mnayochota bombani hapa Kagongwa yametoka Ziwa Victoria, yakasukumwa na pampu za Ihelele kule Misungwi. Leo twendeni yalikotoka, tupande mtumbwi wenye injini ya zamani. Nina kitu cha kuwaonyesha, na hakifiki hata urefu wa kidole changu cha shahada.

Injini za kutundika nyuma ya chombo zilienezwa na Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei aliyekuwa fundi Milwaukee, Marekani. Alianza kuziuza mwaka 1909. Inasimuliwa kwamba siku moja ya jua kali alipiga makasia kumfuatia mchumba wake aiskrimu, ikayeyuka kabla hajamfikia.

Injini huzungusha shafti kwa kupitia gia, na mwisho wa shafti ndipo penye propela, yale mapanga yanayosukuma maji. Katika injini nyingi za zamani, propela haikushikwa na shafti moja kwa moja. Shafti ina tundu la kukingama, na ndani ya tundu hilo hupitishwa pini ya shaba ya njano, laini kuliko chuma. Pini ndiyo inayoikamata propela.

Yale mawe ya Mwanza yaliyobebana vilimani, mengine yamelala chini ya maji. Propela ikigonga jiwe husimama ghafla, huku injini ikitaka kuendelea. Lazima kitu kiachie, basi pini hukatika na gia hupona. Mtasikia injini ikinguruma kwa nguvu na mtumbwi hauendi popote. Mmeshaona mashine zetu za kukoboa mpunga: zikikabwa, mkanda huteleza na kunuka mpira. Ni kazi ile ile.

Ujanani nilikuwa kibarua wa mtumbwi ziwani. Pini ilikatika, na nahodha hakuwa na ya akiba. Akakata msumari, akaupigilia mahali pake. Siku mbili tulikwenda vizuri hata tukamsifu. Siku ya tatu tukagonga jiwe, msumari ukakataa kukatika, yakakatika meno ya gia. Tulipiga kasia mpaka usiku wa manane, mikono ikitutoka damu. Gia za injini kuukuu kama ile hazikupatikana, na mtumbwi ukakaa nchi kavu msimu mzima. Mpaka leo nikiona msumari kwenye shafti, roho inaniuma.

Kubadilisha pini kwenyewe ni hivi. Zima injini, kisha chomoa waya wa plagi, maana kuizungusha propela kwa mkono kunaweza kuiwasha injini, nayo haichagui kidole. Inua mguu wa injini utoke majini. Nyoosha kotapini, ile pini iliyokunjwa inayozuia kofia ya propela, uichomoe, toa kofia, vuta propela. Pini huwa imekatika vipande vitatu: viwili vya pembeni hudondoka vyenyewe, cha katikati hubaki ndani ya shafti, kigonge taratibu kitoke. Sugua kingo za tundu, ingiza pini mpya ya unene na madini yale yale, rudisha propela na kofia, funga kwa kotapini mpya.

Vile vipande msivitupe ziwani. Nahodha mwingine niliyefanya naye kazi baadaye alivifunga kwenye kitambaa, akaenda navyo dukani kupimia unene wa pini mpya. Akanunua sita.