Kutoka Fumba hadi Ng'ambo: Njia ya Siti binti Saad na Suala la Utunzi

Huko Nchiru, katika nchi ya Wameru, ndipo yalipo makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee. Neno linalotamkwa mahali hapo hupimwa na wasikilizaji pamoja na mahali lilipotamkwa. Kanuni hii inajulikana sana na wanafunzi wa fasihi simulizi, lakini husahauliwa mara nyimbo zinapotiwa katika maandishi na kupelekwa darasani. Makala haya yanakusudia kuifuata kanuni hiyo kwa miguu, katika njia ya maisha ya Siti binti Saad wa Unguja, ili kulikabili swali moja: je, Siti alikuwa mwimbaji tu, au alikuwa mtunzi pia?

Swali hili si dogo. Siti hakujua kusoma wala kuandika. Mhakiki anayeamini kwamba mtunzi ni yule aliyeshika kalamu atampa Siti sifa ya sauti, na heshima ya maneno atawapa wengine. Hapana budi basi kuuliza maneno hayo yalizaliwa wapi, na kwa namna gani.

Fumba

Njia inaanzia Fumba, kusini-magharibi ya Unguja, alikozaliwa Siti yapata mwaka 1880. Jina alilopewa na wazazi ni Mtumwa. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alilipata baadaye. Kisheria utumwa ulikomeshwa Unguja mwaka 1897, naye wakati huo alikuwa msichana mkubwa. Kwa hiyo safari ya kutoka jina la kwanza hadi la pili ni safari ya tabaka zima la watu waliokuwa wakijitafutia heshima mpya.

Mama yake alikuwa mfinyanzi, na binti akachukua vyungu kwenda kuviuza. Anayetembea leo kutoka Fumba kuelekea mjini, mwendo wa takriban kilomita 20, ataelewa jambo ambalo kitabu peke yake hakilionyeshi vizuri. Mchuuzi wa vyungu hutegemea kunadi. Sauti yake hupaswa kupenya ukuta na kumfikia mwanamke aliyemo ndani, na maneno yake yawe bayana hata asiyemwona ayafahamu. Si kosa kudhani kwamba hapo ndipo Siti alipopata mafunzo yake ya kwanza ya matamshi.

Mjini

Mwaka 1911 Siti alihamia mjini. Huko alifunzwa uimbaji na Ali Muhsin. Taarab wakati huo ilihusishwa sana na jumba la Sultani na lugha ya Kiarabu. Masimulizi ya historia yake humtaja Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na uhusiano wake na muziki wa Misri. Chama cha Ikhwani Safaa kiliundwa mwaka 1905. Siti aliingia katika sanaa hiyo akiwa mwanamke, maskini, tena wa shamba. Nyimbo za Kiarabu alizihifadhi kwa moyo, lakini Kiswahili ndicho kilichomtambulisha kwa umma.

Ng'ambo

Kutoka katika nyumba za mawe, mtembeaji huvuka mahali palipokuwa na mkono wa bahari, ambao sasa umefukiwa na kuwa barabara, akaingia Ng'ambo. Jina lenyewe lastahili kutazamwa na mwanaisimu: ni ng'ambo kwa nani? Ni kwa yule anayesimama upande wa mawe. Wakazi wake wameitwa kwa jicho la jirani yao.

Hapa ndipo kundi la Siti lilipokutana usiku: Subeti bin Ambar, Buda bin Swedi, Mbaruku Talsam, Maalim Shaaban na wengineo. Habari za mchana zililetwa barazani, zikajadiliwa, zikapata mishororo na lahani. Huyu aliongeza neno, yule akalipinga. Siti akaliimba, na lisilokaa vizuri kinywani likaachwa. Mfano maarufu ni wimbo wa Kijiti, unaohusu mwanamume aliyemwua mwanamke mgeni kisha akatorokea bara, huku wanawake waliotoa ushahidi wakipatwa na adhabu. Mtaa uliomfahamu marehemu ulihitaji hukumu nyingine kuliko ile ya korti, na wimbo ukaitoa.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walikwenda Bombay kurekodi santuri. Kuanzia hapo nyimbo zilisikika mbali na mtaa wake, katika mikahawa na nyumba za Afrika Mashariki. Faida yake ni kwamba sauti imehifadhiwa. Hasara yake ni kwamba santuri haikuchukua mazungumzo ya baraza, na lebo haina nafasi ya kuandika majina ya wote waliochangia mshororo mmoja.

Hoja na pingamizi

Atasema mpinzani kwamba hakuna mswada wowote wa mkono wa Siti. Ni kweli, lakini katika fasihi simulizi mswada si sharti la utunzi. Tena hapana haja ya kudai kwamba kila wimbo aliouimba ni wake. Nyingine alizipokea, na nyingine ni za wenzake. Lililo sahihi ni kutambua utunzi wa pamoja, ambamo mwenye sauti hushiriki katika kuchagua, kukataa na kukamilisha neno. Kwa maana hiyo Siti alikuwa mtunzi miongoni mwa watunzi.

Hitimisho

Siti alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, alimwandikia wasifu, na kwa kitabu hicho wengi humfahamu. Lakini sehemu za Ng'ambo zilibomolewa baada ya Mapinduzi ya 1964 ili kujenga majumba ya Michenzani. Mji Mkongwe ndio ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mgeni anayeishia huko hataziona baraza zilizoukuza wimbo wa Kiswahili.

Kutokana na hayo, inapendekezwa kwamba kila wimbo unaofundishwa uandamane na habari tatu: mahali ulipoimbwa, tukio lililousababisha, na watu walioshiriki kuutunga. Kazi hiyo yaweza kuanza popote. Mwanafunzi wa Nchiru aanze na nyimbo za Kimeru za kijijini kwake, awaulize wazee majina ya watungaji na mahali nyimbo zilipoanzia, wakati wangali hai wa kumwonyesha njia.