Hesabu za nyumba: dola 180 zilikwenda wapi?

Siku tatu baada ya Noeli baba mmoja wa parokia yetu, hapa Lubumbashi, alipiga hodi mlangoni pangu. Alikuwa na kompyuta kwapani na uso wa mtu asiyelala. Nilimkaribisha kiti, akakataa. «Mwalimu, nisaidie,» akasema. «Mashine hii inaniambia kwamba nyumbani mwangu mna mwizi.»

Habari yenyewe ndiyo hii. Tangu mwezi wa Januari baba huyo alikuwa akiandika fedha za nyumba yake katika programu ya hesabu iitwayo GnuCash. Programu hiyo hutolewa bure, husomeka kwa Kifaransa, na ikiisha kuwekwa katika kompyuta yaweza kufanya kazi bila intaneti. Mwanawe wa kwanza ndiye aliyemwanzishia. Kisha kijana akaenda zake Kolwezi kwa masomo, na baba akaendelea peke yake. Kila Jumamosi jioni aliketi mezani, akamwuliza mkewe habari za soko, akaandika. Mwaka ukafika mwisho. Akataka kufunga hesabu kabla ya malipo ya shule ya Januari. Programu ikamwambia kwamba katika sanduku la dola lazima ziwemo dola 735. Akafungua sanduku, akahesabu noti mara mbili: dola 555. Zimepungua dola 180.

«Ufunguo wa sanduku huwekwa wapi?» nikamwuliza.

«Nyuma ya picha ya Bikira Maria. Tunaojua ni watatu: mimi, mke wangu, na yule mtoto.»

Mtoto huyo ni binti wa miaka 14, yatima, aliyeachwa na marehemu mdogo wake mkewe. Ameishi kwao miaka mitano, akiwaita baba na mama.

«Nimekwisha kusema,» akaendelea, «kwamba arudi Kasenga kwa bibi yake kabla ya mwaka mpya.»

«Na mama amesema nini?»

«Hakusema neno. Analia tu.»

Ndipo nilipomwomba tena aketi, na safari hii akaketi.

Wengi wetu twaiogopa kompyuta kama wazee walivyomwogopa karani wa serikali: neno likiisha kuandikwa, limekwisha. Lakini programu ya hesabu haikuona noti hata moja. Haikuwako sokoni, wala haina macho ya kutazama ndani ya sanduku. Inajua tu yale uliyoiambia, na hayo huyakumbuka bila kuchoka. Ikisema «lazima ziwemo dola 735», maana yake ni hii: kama yote uliyoniandikia ni kweli, na kama hukuacha kitu, basi sandukuni mna dola 735. Yule baba alisikia nusu ya pili tu ya maneno hayo.

Njia inayotumiwa na programu hiyo ni ya kale sana. Ilielezwa na mtawa, Fratri Luca Pacioli wa shirika la Mtakatifu Fransisko, katika kitabu chake kikubwa cha hesabu kilichopigwa chapa huko Venezia mwaka 1494. Hakuibuni yeye, aliandika desturi ya wafanya biashara wa mji huo ili wengine nao wajifunze. Kila fedha huandikwa mara mbili: mahali ilipotoka na mahali ilipokwenda. Mama akinunua unga wa dola 20, akaunti ya sanduku hupungua 20, na akaunti ya chakula huongezeka 20. Pande mbili zisipolingana, mwandishi amekosea.

Fratri Luca alitaka mfanya biashara awe na vitabu vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha kumbukumbu, ambamo mambo ya siku huandikwa upesi jinsi yalivyotokea. Vile viwili vingine viliandikwa baadaye, kwa utulivu, kutokana na hicho cha kwanza. Na katika kitabu cha kumbukumbu aliruhusu watu wote wa nyumba waandike, hata wanawake, ikiwa wanajua kuandika. (Wasomaji wetu wa kike wasikasirike; ni miaka zaidi ya 500 iliyopita.) Kitabu hicho cha kwanza ndicho ambacho watu wa kompyuta wamekisahau.

«Umeniletea nini?» nikamwuliza.

«Nimekuletea kompyuta.»

«Na karatasi?»

«Karatasi za nini, Mwalimu? Yote yamo humu.»

Nikamrudisha nyumbani akalete karatasi.

Hapo nataka kukaa kidogo, kwa sababu kila Desemba huja watu kwangu kuomba msaada kwa namna hiyo hiyo. Husema: «Hesabu yangu imekataa.» Je, mganga atamtibu mtu asemaye tu kwamba mwili wake umekataa? Sema hivi: siku fulani niliandika kiasi fulani, kutoka akaunti hii kwenda akaunti ile, nilitazamia kuona hiki, nikaona kile. Mara nyingi, ukiisha kuliandika swali lako hivyo, jibu utakuwa umeliona mwenyewe. Leta pia daftari la soko, risiti za shule, karatasi za benki, ujumbe wa fedha za simu, na orodha ya madeni, unayodai na unayodaiwa. Hata yale ambayo hukumwambia mkeo, ndugu yangu. Anayeficha deni atahesabiwa utajiri asio nao.

Lakini namba ya siri ya simu yako usimpe mtu, awe mwalimu, awe katekista. Anayekusaidia kuhesabu hana haja ya kuingiza mkono mfukoni mwako. Na kabla hajagusa kitu, tia nakala ya hesabu zako katika fulashi, uiweke kando. Niliwahi kumsaidia mtu bila kufanya hivyo. Tukafuta tusichotaka kufuta, na kazi yake ya miezi miwili ikapotea. Kosa lilikuwa langu. Wala si lazima kumtafuta mtaalamu. Mwanafunzi wa shule ya biashara aliyeelewa somo lake la pande mbili atakufaa kuliko mtu ajuaye vifungo vyote vya kompyuta, lakini hajui tofauti ya deni na pato.

Jioni yule baba akarudi, na mkewe pamoja naye. Mama alibeba daftari lake la soko ndani ya mfuko wa plastiki. Yeye huuza vitenge. Hakuniangalia usoni.

Kwanza tulitazama habari za fedha mbili, kwani hapo ndipo nyumba nyingi za Kongo hupotea njia. Tunapokea franka na dola, tunalipa kwa franka na dola, na bei ya kubadilisha haitulii. Wazee wanakumbuka makubwa zaidi: mwaka 1967 zaire ilichukua mahali pa franka, mwaka 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani, mwaka 1998 franka ikarudi, moja kwa zaire mpya 100,000. Mtu aliyeandika akiba yake kwa tarakimu tu, bila kusema ni fedha gani, daftari lake ni bubu. Basi franka ziwe na akaunti yake, dola na yake, zisichanganywe kamwe. Ukibadilisha dola 100 kwa franka 2,800 kila moja, hukutumia kitu: akaunti ya dola imepungua 100, ya franka imeongezeka 280,000. Ukiziandika dola hizo kuwa matumizi, kisha ukaandika tena unga ulionunuliwa kwa franka zile zile, umekula mara mbili katika karatasi, na tumboni mara moja. Siku ya 31 Desemba franka zilizobaki hupimwa kwa bei ya siku hiyo. Tofauti itakayotokea haikuletwa na mwizi wala na jasho lako. Ni bei iliyosogea.

Baba huyu aliyaandika hayo yote vizuri. Kosa halikuwamo.

Tulipata kosa jingine, lakini la kufurahisha. Mama yumo katika likelemba ya watu kumi, kila mmoja dola 20 kwa mwezi. Baba alikuwa akiziandika dola hizo kuwa matumizi, kama vile chumvi na sabuni. Sivyo. Zamu yako isipofika bado, ulizotoa ni mali yako iliyo mikononi mwa wenzako; ukiisha kupokea, miezi iliyosalia ni deni lako. Mama alikuwa ametoa mara saba, na zamu yake bado. Kumbe nyumba ile ilikuwa na dola 140 ambazo mwenyewe hakuzijua! Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Hata hivyo sanduku lilibaki na upungufu ule ule, maana noti zile zilitoka kweli, na ilikwisha kuandikwa kwamba zimetoka.

«Sasa tuitafute namba yenyewe,» nikasema. Makarani wa zamani walikuwa na njia tatu. Ya kwanza, tafuta 180 kamili: pengine kuna matumizi ya kiasi hicho yaliyosahauliwa. Tukapekua risiti zote, hayakuwako. Ya pili, tafuta nusu yake, 90: matumizi ya 90 yakiandikwa kwa kosa kuwa pato, tofauti huwa 180. Hakuna. Ya tatu, gawanya tofauti kwa 9. Gawanya 180 kwa 9, unapata 20 bila baki.

Wanafunzi, sikilizeni hapa. Tarakimu mbili zinazofuatana zikibadilishana mahali, tofauti hugawanyika kwa 9 sikuzote. Andika 21 mahali pa 12, tofauti ni 9. Andika 73 mahali pa 37, tofauti ni 36. Sifuri iliyoongezwa au kusahauliwa hufanya vivyo hivyo: 200 mahali pa 20 ni tofauti ya 180. Hii ni dalili tu, si ushahidi, kwani dola 180 zilizoibwa nazo hugawanyika kwa 9. Lakini dalili yatosha kutufanya tuendelee kutafuta kabla ya kumpakiza mtoto katika gari.

Tulianza na sifuri, hatukupata kitu. Basi mama akafungua daftari lake, baba akaikabili kompyuta, wakasoma kwa zamu, mwezi baada ya mwezi: mama neno la daftari, baba neno la mashine. Niliwasha taa. Januari, sawa. Machi, sawa. Julai, sawa. Mama akasoma kwa sauti ndogo: «Tarehe 12 Agosti, vitenge vya kwaya, kwa sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, dola 460.»

Baba akanyamaza.

«Soma tena,» akasema.

«Dola 460.»

Katika kompyuta ilikuwa imeandikwa 640.

Mtauliza: mbona programu haikugundua, na hali ina pande mbili? Kwa sababu kosa liliandikwa pande zote mbili. Pato la vitenge 640, sanduku 640, zalingana kabisa. Kama angaliandika 460 upande mmoja na 640 upande wa pili, ingalimwonyesha tofauti papo hapo. Kosa lililokubaliana na kosa mwenzake halionekani kwa kulinganisha akaunti. Huonekana kwa kuhesabu noti. Na baba huyu hakuhesabu noti tangu Januari. Kama angalihesabu kila mwisho wa mwezi, kosa la Agosti lingalionekana mwezi ule ule, na tungalisoma ukurasa mmoja mahali pa daftari zima.

Yaliyobaki ya kufunga mwaka tuliyamaliza kwa nusu saa. Tuliandika mali yote upande mmoja na madeni yote upande wa pili. Kinachobaki baada ya kutoa ndicho chao. Fedha za shule za Januari tuliziwekea akaunti yake, zisije zikaonekana kama ziada wakati wa sikukuu. Biashara ya vitenge tuliitenga na hesabu za jikoni. Kongo iliingia katika umoja wa OHADA mwaka 2012, na kwa sheria zake mwaka wa hesabu za biashara huanza 1 Januari na kwisha 31 Desemba. Mama akikua katika biashara yake, hatakuwa na kazi ya kuanza upya.

Yaliyotokea nyumbani nalisimuliwa na mama baadaye. Binti alikuwa jikoni akisonga bukari. Baba akasimama mlangoni, akasema: «Mtoto wangu, nimekukosea. Fedha hazikupotea. Ni mimi niliyeandika vibaya.» Binti akajibu: «Ndiyo, baba,» na hakuuacha mwiko. Baba akabaki amesimama hapo, hajui la kuongeza. Majuma mawili mazima, mama aliniambia, mtoto hakucheka mezani.

Mwisho wa Januari walihesabu sanduku. Baba alisoma kompyuta, na safari hii binti ndiye aliyepewa noti azihesabu. Ufunguo ungali mahali pake, nyuma ya picha. Zilipungua dola 3. Binti akainua macho. Baba akafikiri kidogo, kisha akaandika: «Dola 3, haijulikani,» akaifunga kompyuta, wakaketi kula.